Waliochota Kijito Kimoja

Asubuhi uani kwetu Kariakoo, upande wa Msimbazi, kulinukia vitunguu vinavyokaangwa, sabuni ya mche na saruji iliyolowa. Vyumba vyote tulitegemea bomba moja, na foleni ilikuwa ya ndoo, si ya watu: ukishaweka yako, nenda zako, hakuna wa kuisogeza. Baba na mama walikuwa wamefariki. Mimi, mkubwa, niliacha shule darasa la sita nikawa nauza maandazi ili mdogo wangu Mwanaidi asome. Hilo halikuniuma. Aliyeniuma ni Salma, binti wa Mwarabu mwenye duka la ng'ambo ya barabara, mwanafunzi wa chuo aliyemfundisha Mwanaidi Kiingereza jioni. Mtoto alirudi kwangu ameshiba maneno ambayo sikuwa nayo, hata kicheko chake kikaanza kufanana na cha Salma.

Jumamosi moja Salma alikuja naye uani tukisubiri maji, na Mwanaidi akatutangazia neno jipya, "rival". Siku hizi, alisema, ni mshindani wako wa mpira, wa biashara, hata wa mapenzi. Lakini lilitokana na neno la Kilatini la kijito. Zamani waliitwa hivyo majirani wanaochota kijito kimoja.

"Sasa ugomvi unatoka wapi, na maji yanapita tu?" nikauliza.

"Wa juu akichota sana, dada, wa chini anabaki na tope."

"Basi hapa sote marivali!" Jirani yetu Mama Rama akaangua kicheko. "Na wewe Salma, kwenu kuna tangi, huku umefuata nini?"

"Nimefuata ruhusa ya Mwajuma," Salma akasema, akinigeukia. "Mama anataka Mwanaidi ahamie kwetu mpaka amalize mtihani. Kuna meza, kuna taa."

Mwanaidi aliinamia miguu yake, nikajua anataka kwenda.

"Asome kwenu," nikasema. "Alale kwetu."

Ikawa hivyo. Kila jioni, hata nikiwa na homa, nilimfuata mwenyewe mlangoni kwa kina Salma, na kila jioni nilimkuta anacheka.

Leo Mwanaidi ni mwalimu, ana nyumba yake Magomeni, na wanawe wanafungua maji jikoni bila kumsubiri mtu. Kila sikukuu hutualika Salma na mimi, tukaketi kochi moja, tukaulizana habari za afya na watoto. Kisha mwenyeji wetu huita kutoka ndani, "Dada!" Tunainuka wote wawili. Magoti yananiuma siku hizi, lakini bado nafika wa kwanza.