Bi Avis na uso wa shaba unaofutika

“Andika kwamba Suffolk nzima hakuna kanisa safi kama hili,” Bi Avis Catchpole anamwambia mwandishi wa gazeti, kidevu juu. Papo hapo kitu cheusi, kidogo kama punje ya mchele, kinadondoka kutoka darini na kutua kwenye kitabu cha nyimbo alichokishika. Anakitazama. “Au usiandike kwanza. Ngoja nifagie.”

Ni asubuhi ya baridi, na ndani ya kanisa la kijiji cha Hasselby, mashariki mwa Uingereza, ni baridi kuliko nje. Kuta hizi za gumegume, yale mawe magumu ya kutolea cheche, zina zaidi ya miaka mia sita, na hakuna anayekumbuka lini zilipata joto. Bi Avis, mwenye miaka sabini na sita, amevaa makoti mawili na soksi za marehemu mumewe. Anafagia mavi ya popo. Popo wanalindwa na sheria, hawafukuzwi.

“Popo wana serikali yao,” anasema. “Mimi nina ufagio.”

Kazi hii aliipokea kwa mama yake, naye mama aliipokea kwa bibi. Inamlipa pauni ishirini kwa juma, na zote zinaishia kwenye dawa ya magoti anayoyaumiza kwa kazi hiyohiyo. Mumewe, Clement, amezikwa nje, upande wa kaskazini ambako jua halifiki. “Alipenda kukaa kivulini,” anasema. “Sasa anacho cha kutosha.”

Wanaokuja kusali wamebaki watano, na kasisi, anayehudumia vijiji tisa, hufika mara moja kwa mwezi. Shule ilifungwa, duka likafuata. Kanisa la kijiji cha jirani liliuzwa likawa nyumba ya watu wa London, na pale palipokuwa na madhabahu sasa pana bafu.

Hasselby imepona kwa jambo moja tu. Wageni bado wanakuja kumwona Bi Margery.

Bi Margery alikuwa mke wa mfanyabiashara wa sufu. Alizikwa chini ya sakafu mbele ya madhabahu, na sura yake ikachorwa kwenye bamba la shaba juu ya kaburi. Gauni lake linaonekana hadi mkunjo wa mwisho. Kijibwa chake kilicholala miguuni kinaonekana hata kucha. Uso ndio hauonekani. Zimebaki nyusi, na mstari wa mdomo mwembamba kama unywele.

Hakuna adui aliyeufuta. Umefutwa na wanawake wa kijiji, vizazi kwa vizazi, waliopiga magoti pale na dawa ya kung'arishia shaba ili Jumapili imkute anameremeta. Kila mmoja alianzia usoni.

Bi Avis anaonyesha birika la mawe la ubatizo karibu na mlango. Kulizunguka wamechongwa watakatifu, wote wamevunjwa nyuso na watu wa zamani waliochukia sanamu. “Hao walikuja na nyundo, wakamaliza kabla ya chakula cha mchana,” anasema. “Sisi tulikuja na matambara. Tumechelewa kidogo tu.”

Baada ya Pasaka, mtaalamu wa dayosisi alikuja, akapiga goti, akalichunguza bamba. Kisha akatoa amri. Bi Margery asisuguliwe tena, afunikwe zulia laini na kuachwa. Akiguswa, bamba litang'olewa lipelekwe makumbusho ya mjini, na Bi Avis atarudisha ufunguo wa kanisa.

“Sasa popo wanamkojolea, anaota madoa ya kijani, nami nisimame nitazame?” anauliza. “Nikimwacha, popo wanamla. Nikimsafisha, namla mimi. Afadhali aliwe na mtu anayemjua.” Anakohoa. “Lakini amri ni amri. Nimeacha.”

Akiulizwa anatumaini nini, hasemi habari za paa wala waumini wapya. Anataka ufunguo ukae mfukoni mwake mpaka siku watakayomwingiza kwa mlango uleule ndani ya jeneza, miguu mbele. Hana mtoto wa kumwachia. “Baada ya hapo waweke bafu wanapotaka.”

Mlango unalia. Anaingia Rodney Pask, mzee wa kanisa, mfuga nguruwe mstaafu aliyesoma naye darasa moja. Amebeba chupa ya chai na mkate wa siagi.

“Hujafa tu, Avis?”

“Nakungoja utangulie, unishikie nafasi.”

Rodney hacheki. Anamimina chai polepole kuliko kawaida. “Yule bibi mtaalamu wa dayosisi anarudi Jumanne. Amenipigia simu, anataka neno langu kwamba Margery hajaguswa.”

“Mpe.”

“Nakuuliza wewe kwanza, mama. Tuko sisi tu hapa, na huyu mgeni wako.”

“Tangu Pasaka sijainua hata pindo la zulia,” anasema Bi Avis, akimkazia macho. “Clement huko nje ni shahidi yangu.”

“Clement umwache apumzike.”

“Basi Mungu. Hapa ni kwake.”

Rodney anapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Anamsogezea mkate. Bi Avis anakata kipande kwa mkono, siagi nyingi, mkate mweupe kama shuka, na anapotaka kukipeleka mdomoni wote wawili wanakiona. Kidole gumba chake kimeacha alama kubwa, nyeusi tititi.

“Mavi ya popo,” anasema upesi.

Rodney anaivuta harufu ya ule mkono. “Marehemu mama yangu alikuwa na vidole hivi kila Jumamosi jioni, akitoka kumsugua Margery,” anasema taratibu. “Weusi wa shaba hautoki hata kwa sabuni.”

Bi Avis anautazama mkate.

Rodney anautazama mfuko wenye ufunguo, ananyoosha kiganja, na si mkate anaoutaka.