Wagonjwa Wangu wa Kubuni

Miaka ya mwisho ya vita, hapa Bujumbura, mama aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, na kuumwa sukari, na mimi nilizalisha watu kwa kompyuta. Kazi hiyo! Zahanati moja ilitaka ukurasa wa kuandikisha wagonjwa, na bila kadi ya zahanati mama asingepata dawa. Kwa hiyo niliifanya mbio kuliko kazi zote.

Ukurasa hujaribiwa kwa wagonjwa wasiokuwepo. Niliandika kipande cha programu ya JavaScript cha kuokota ovyo ovyo, kazi huku, kartiye, yaani mtaa, kule. Kikanipa balozi wa nchi ya nje anayekaa Cibitoke, mtaa wetu wa maskini, na muuza ndagala wa Kiriri, kule juu kwenye majumba ya wakubwa. Vita vilikuwa vimempangia kila mtu pa kulala, ila kompyuta yangu haikuwa na habari. Nilicheka hadi machozi.

Mkubwa wa zahanati, yeye mwenyewe wa Kiriri, akaja kukagua. Alipofika kwenye huyo muuza ndagala akaruka.

"Huyu anakaa kwetu? Nani alimuruhusu?"

"Shefu, si mutu. Ni wa kujaribia tu."

"Apana! Mutu wa hivi hawezi kuwa Kiriri. Ukurasa umukatae!"

Patroni wangu, Mwarabu wa duka la vitambaa aliyeingia kwenye biashara ya kompyuta kwa sababu jirani yake aliingia, akanikanyaga mguu chini ya meza. "Inshallah ukurasa utamukataa, shefu."

Nikaandika sharti: kazi isiyofanana na kartiye, nje. Wagonjwa wangu nao nikawapanga upya, kila mmoja kwao. Majaribio yote yakapita, patroni akaagiza Fanta. Upuuzi mtupu!

Wiki hiyohiyo risasi zikatutoa Cibitoke. Mjomba, mlinzi wa villa Kiriri, akatupa kona ya kibanda chake.

Siku ya kufungua ukurasa, mimi nikiwa kwenye kompyuta, mama alikuwa mbele ya foleni, miguu imevimba. Nikaandika: ndagala, Kiriri. Ukurasa ukamkataa.

"Mama, tuseme bado tuko Cibitoke."

"Apana. Nikianguka watanitafuta wapi? Andika fasi nalala."

Roho iliniuma. Nikafuta ndagala, nikaandika balozi. Kadi ikatoka palepale, na muuguzi akamletea mama kiti.

Tulipotoka, mama aliitazama kadi iliyosema balozi, akashika dawa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, huyu balozi akipona, na mi nitapona?"