Tanki Tulilowachorea Watoto wa Uganda

Mimi ni fundi wa mawe, na elimu yangu niliipata shule ya usiku pale Mukuyuni, chini ya koroboi iliyotoa moshi mwingi kiasi kwamba hata leo nikipiga chafya nadhani natoa masizi ya darasa la saba. Kwa cheti nilichopata hapo kanisa letu la Kasikeu, huku Ukambani, likanifanya katibu wa kamati ya ujenzi. Katika kamati nzima ni mimi tu niliyeweza kuchora mstari ukanyooka, na hata huo ulinyooka kwa msaada wa rula.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kwetu. Ilikuwa ya kujengwa Uganda. Miaka hiyo ya themanini vita vilikuwa vimepita kule, na mhubiri mmoja wa huko alikuja kutueleza juu ya watoto wasio na wazazi waliokuwa wakilala katika jengo la kukodi. Mwenye jengo alitaka kuligeuza ghala la kahawa, na watoto walitakiwa wawe wametoka kabla ya Krismasi. Watu wetu, ambao nusu yao walikuwa wakila mahindi ya njano ya msaada wa ukame, wakasimama wakasema tutajenga. Si kibanda. Nyumba ya kudumu, ya matofali na mabati.

Tukapanga kwa miezi. Akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kulimiana kwa zamu kutoka shamba hadi shamba, walisuka viondo mpaka mkonge ukaisha Ukambani kote, au tuseme ukakaribia kuisha. Wakauza, wakanunua mabati. Mwenyekiti wao, mama mrefu mwenye sauti ya kumsimamisha punda aliye mlima wa pili, alitoa sharti moja: tanki la maji.

"Liwe kubwa," akasema. "Mtoto asiamshwe alfajiri kwenda kuchimba mchanga mtoni kutafuta maji kama nilivyoamshwa mimi."

Nikachora tanki. Kila kikao likakua. Kufikia Agosti lilikuwa limefika ukubwa wa kanisa, na vyumba vya kulala vimejibanza pembeni kama mabanda ya kuku. Hakuna aliyeona kasoro. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilitazama tu, kiu inakatika.

Septemba, mama aliyekuwa akiwalea wale watoto akaja kuiona ramani. Tukamkalisha mbele, nikamtandazia karatasi mezani. Akaweka kidole juu ya tanki.

"Hii kubwa ni ya nani?"

"Ya maji, mama," nikasema.

"Na watoto?"

Nikamwonyesha mabanda ya kuku. Akacheka mpaka akashika meza, halafu akaona anacheka peke yake.

"Mnisamehe, wazazi wangu. Kwetu mvua inanyesha mpaka tunaiomba inyamaze. Tunachimba mitaro ya kuyafukuza maji."

"Kuyafukuza?" mwenyekiti wa mwethya akauliza. "Yaende wapi?"

"Popote. Kwa jirani."

Mzee mmoja akavua kofia, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Watoto wangu wanaugua kifua," mgeni akaendelea. "Sakafu inatoa unyevu usiku na mchana. Nataka nyumba iliyoinuliwa, na baraza pana la kuanikia blanketi. Tukijenga hili tanki, matofali yataishia hapo, na Krismasi itatukuta nje."

Mwenyekiti akakunja mikono. "Mama, hawa wamesuka wakifikiria tanki. Mimi ndiye niliyewaambia. Na mabati yote yako kwangu."

Kikao kikafungwa hivyo, bila hata maombi marefu. Nilirudi nyumbani nikiapa kwamba ile nyumba itasimama hata kama itabidi niwabebe wale akina mama wote mgongoni mpaka mpakani.

Asubuhi mgeni akaomba mtungi, akawafuata akina mama mtoni. Akashuka kwenye shimo la mchanga, akachota kwa kata, akangoja maji yajikusanye, akachota tena. Kurudi, wakamvisha ukanda wa kubebea, ambao kwetu hupitishwa kwenye paji la uso. Shingo ikamwenda nyuma akabaki anahesabu mawingu.

"Shingo ya ndizi hiyo," mmoja akamtania.

"Ndizi tunabeba kichwani," akajibu. "Nyinyi mmenifunga kama ng'ombe wa kulima."

Wakacheka njia nzima, na katikati ya vicheko mwenyekiti akawa anamuuliza habari za watoto, mmoja mmoja.

Jioni tukakaa tena. Mwenyekiti ndiye aliyeanza.

"Yule mdogo uliyeniambia anakohoa. Blanketi lake hukauka baada ya siku ngapi?"

"Halikauki, mwaitu," mgeni akasema. Neno hilo la kumwita mama alikuwa amelipata mtoni.

Mwenyekiti akaitazama ile ramani. "Fundi, futa tanki."

Nikafuta upesi asije akabadili nia, mpaka karatasi ikatoboka.

"Lakini weka pipa moja pale pembeni."

"Maji yapo, mwaitu."

"Nimesikia. Weka."

Nikaweka. Mama mmoja wa mwethya akauliza kutoka nyuma, "Na wenzetu waliosukia tanki?"

"Kesho nitawaambia wamesukia sakafu," mwenyekiti akasema. "Wakinikasirikia, wanajua kwangu." Akanigeukia. "Lori la kupeleka mabati linaondoka lini?"

Nikasema Jumatatu. Lori lenyewe tulikuwa hatujalitafuta.