Panga la Baba Yake Adela

Juzi, huko Kihanga, nilimwona kibarua akilowesha panga kwenye maji ya jiki, kuua vijidudu, kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Nikamkumbuka Adela, niliyekaa naye dawati moja shuleni.

Mchana mmoja mwalimu wetu wa sayansi alitutaka tubishane kuhusu kilichokuwa kikieneza mnyauko wa migomba. "Leteni ushahidi," alisema. Mikono yangu ikinuka utomvu mchachu wa migomba niliyoikagua, nilieleza kwamba mashamba yote yaliyougua yalipogolewa kwa panga moja, la kibarua wetu, baba yake Adela. Wenzangu wakapiga makofi.

"Panga hilo alipewa na baba yako," Adela alisema taratibu.

Nilidhani tumezungumzia panga tu. Habari zilipofika majumbani, hakuna aliyempa mzee yule kazi tena, hata baba yangu. Wiki nzima nilimwekea Adela nafasi kwenye dawati, nikidhani amenuna. Kumbe yeye na baba yake walikuwa wameshahama.