Riwaya ya Vita Tuliyogawana na Zuhura

Enzi zetu pale kambi ya mkonge Ngombezi, kitabu kiligombewa kama nyama ya sikukuu. Mjomba alituletea riwaya ya vita vya kale, ya jemadari aliyevusha jeshi lake jangwani ili auteke mji wenye kuta nene. Nilikuwa nakisoma na binti yake, Zuhura, aliyekuja likizo kutoka Chanika kule Handeni, vichwa vimegusana, harufu ya mkonge wa kiwandani imetujaa puani.

Likizo ikaisha jeshi ndiyo kwanza limeishiwa maji. Kila mmoja akakishika kitabu upande wake, hakuna wa kuachia. Mama akakichukua, akakipasua katikati kwa kisu cha jikoni.

"Mwanzo unabaki hapa, mwisho unakwenda Chanika. Mkikutana mtasimuliana. Na atakayesahau hata jina la farasi, asinisogelee!"

Sijawahi kusoma vile. Nilikariri nusu yangu nikichota maji, nikichambua mchicha, mpaka Mama akanikuta naziamuru sufuria zijipange safu. Lakini roho haikutulia: je, jemadari alipona?

Likizo iliyofuata Zuhura akashuka basi Korogwe. Hata salamu sikumaliza. "Alikufa?"

Akacheka. "Sisemi. Nipe mwanzo kwanza."

Jioni, baada ya ugali na mlenda, tukasimama uani. Nikawavusha askari jangwani, wakilamba umande kwenye ngao zao. Watoto wa kambi wakajaa, kisha wakata mkonge nao wakaketi. Zuhura akapokea hadithi, bila kitabu mkononi: ngazi ukutani, mishale, jemadari kachomwa mkuki, yuko chini. Hapo akanyamaza. Mama akaacha kusugua sufuria.

"Zuhura mwanangu, usinifanyie hivyo! Aliinuka?"

"Aliinuka, shangazi. Akaingia mjini kwa miguu yake."

Ua mzima ukapiga makofi. Baba, mtu asiye na maneno mengi, akawageukia wenzake wa kazini: "Hawa ni wangu." Nilijiona mrefu kuliko bomba la moshi la kiwanda.

Siku hizi wajukuu zangu wanapigana vita kwa kidole gumba. Jemadari wao akifa, anafufuka kabla chai haijapoa. Nikianza kuwasimulia wangu, wananiambia, "Bibi, fupisha." Siwalaumu. Ila nawaonea huruma kidogo: hawajawahi kukaa miezi bila kujua kama mtu wao yu hai, kisha wakalipata jibu pamoja na kambi nzima.