Beseni la Bibi Jirani

Juzi nilirudi mtaa wetu wa zamani, Lewisham, huku Uingereza, kumfungia mteja makabati ya jikoni. Rafiki yangu, mimi shule niliiacha mapema, lakini leo nina vani tatu za kazi zenye jina langu ubavuni, na hakuna aliyenishika mkono. Nyumba ya bibi jirani sikuikuta. Wamejenga fleti.

Enzi hizo mama alikuwa akihudumia wagonjwa hospitali, basi nikitoka shule nilishinda kwa bibi yule. Watoto wa mtaa walimwita Jipsi, wakicheka. Yeye alinieleza huku akikaanga vitunguu, nyumba nzima inanukia: zamani Waingereza waliwaona watu wake, wakadhani wametoka Misri, wakawabandika jina la Misri kwa Kiingereza, "Egyptian", likakatwakatwa hadi likawa hilo. Misri hawakutoka. Wazee wao walitoka India, karne nyingi nyuma, na wenyewe hujiita Waromani. Wapo wanaojivunia hilo jina la Jipsi, alisema, lakini ukirushiwa barabarani linauma kama jiwe.

Siku moja akapakua. Mimi nimelelewa kunawa kabla ya kula, nikaona beseni la maji safi karibu na vyombo, nikatumbukiza mikono. Bibi akayamwaga maji, kisha akalitupa beseni zima kwenye pipa la taka. Hakunigombeza, aliniambia tu nikae nile. Mimi nikaona ni mikono yangu myeusi iliyomchefua. Nikatoka mbio, na pale nje, mbele ya watoto wote, nikampigia kelele: "Jipsi mchafu!"

Alisimama mlangoni kidogo, akaingia ndani. Sikurudi kwake tena. Mama alipouliza, nikasema chakula chake kibaya. Haukupita muda bibi akahama.

Nilishanunua vani ya pili nilipoajiri fundi Mromani. Kwa mteja mmoja nikamwonyesha beseni la vyombo anawe. Akakataa.

"Kwetu la vyombo ni la vyombo, bosi. Hata mama yangu mzazi akinawa humo, tunalitupa."

Siku hiyo kazi ilinishinda, mimi ninayejisifu kwa kazi.

Jana binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake, neno Jipsi limetoka wapi. Nikamweleza Misri, India, Waromani, yote. Akasema namshinda mwalimu wake, nani alinifundisha? Nikamwambia ni bibi mmoja jirani, alinilea, akahama.

Akauliza kama nilimuaga.

Nikasema ndiyo.