Wagiriki Jikoni kwa Mama Justa

Mama Justa amepika miaka ishirini na saba katika nyumba ya malezi iliyo kilimani nyuma ya Buhongwa, wanakokaa vijana wanaosomea upadre, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza anajua nini zaidi ya ugali. Mpishi ni mpishi. Lakini vijana hao, wanaoitwa mafrateri, husoma falsafa kwanza kabla ya mengine, na zamu ya jikoni haimwachi mtu. Basi kila frateri aliyekalia kigoda cha Mama Justa kuchambua maharage alichambua huku daftari liko gotini, anasoma kwa sauti. Mama Justa aliishia darasa la saba kwao ufukweni mwa ziwa, wilaya ya Magu. Masikio yake hayakuishia hapo. Alimfahamu Sokrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa jina kabla hajawafahamu majirani zake.

Na alishukuru, wala hakuona haya kusema. Jumapili wenzake wakishukuru kwa afya na mvua, yeye aliongezea kimoyomoyo shukrani kwa Wagiriki wa kale, watu asiowajua, waliomletea mambo ya kufikiri wakati ugali unaiva.

Mwaka jana ndipo alipoletwa Venant. Kijana mrefu, mpole, mchapakazi, na kwenye masomo alikuwa akivuta mkia. Parokia yake nzima ilimsindikiza kwa ngoma alipoondoka nyumbani, na hilo lilimwelemea kuliko sanduku lake. Muhula wa kwanza akaenda kwa Padri Elias, mwalimu wa falsafa, kufanya mtihani wa mdomo kuhusu Wagiriki. Alijiandaa kwa njia pekee aliyoijua, ile aliyoijifunza utotoni akijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza: aliandika maswali sitini na majibu sitini, akayapa namba kama katekisimu, akayakariri kwa mpangilio huohuo. Padri Elias, bila kujua, akaanzia swali la ishirini na mbili.

"Plato alikuwa nani?"

Venant akatazama dari, akavuta pumzi, akatoa jibu namba moja.

"Maji."

Wenzake waliokuwa mlangoni wakisubiri zamu yao walicheka hadi wakashika mbavu. Kuanzia siku hiyo akaitwa Frateri Maji, kwa sababu Thales, Mgiriki wa kwanza kwenye orodha yake, ndiye aliyesema asili ya vitu vyote ni maji. Padri Elias hakucheka. Alimpa wiki mbili arudie mtihani, na akamwambia waziwazi kwamba akianguka tena atarudi kwao.

Kesho yake zamu ya maharage ikawa ya Venant. Alikaa kigodani akitupa maharage mazima na kubakiza mawe.

"Shikamoo mama," alisema, salamu ikiwa imechelewa nusu saa nzima.

"Marahaba, baba. Hayo mawe utakula wewe?"

Akaangalia sinia, macho yakamtoka, kisha akamweleza yote. Mama Justa alimsikiliza huku akisonga. Alimwonea huruma, na ukweli usemwe, alikasirika pia: kijana amepewa Wagiriki wote hao bure, naye kawafanya orodha.

"Weka daftari chini," alisema. "Huyo Thales nieleze mimi. Kwa nini maji?"

"Swali la kwanza, Thales alisema..."

"Sijakuuliza alisema nini. Nimeuliza kwa nini."

Mama Justa akamngojea, maana kungoja alikujua tangu utoto. Mama yake alikuwa mkunga, na yeye ndiye aliyembebea mfuko. Aliona kwamba mkunga hamzalii mtu. Huuliza: uchungu umeanza lini, unasikia wapi, mtoto anacheza? Kisha hungoja. Na mtoto akishalia, wa kwanza kusema asante hakuwa mzazi, alikuwa mkunga, akimwambia mzazi, "Asante kwa kutuletea." Siku moja frateri mwingine aliposoma hapohapo jikoni kwamba mama yake Sokrates alikuwa mkunga, na kwamba Sokrates mwenyewe alisema kazi yake ya kuuliza watu maswali ni ukunga wa mawazo, Mama Justa aliacha mwiko ndani ya sufuria. Ugali uliungua siku hiyo.

"Labda," alisema Venant polepole, "kwa sababu mbegu bila maji haioti. Na maji yanaganda, yanakuwa mvuke. Kitu kimoja, sura nyingi."

"Haya. Na moto nao ni maji?"

"Hapo sijui."

"Wanafunzi wake je, walikubali?"

"Hapana. Mmoja alikataa, akasema asili ni kitu kisicho na mpaka. Aliyemfuata naye akasema ni hewa."

"Wakafukuzwa?"

"Hawakufukuzwa." Venant akainua uso. Alikuwa ameandika jambo hilo mara tatu bila kuliona. "Mama, ndiyo maana wanasifiwa! Si kwa sababu ya maji. Ni kwa sababu walitafuta chanzo kwa akili, na mwanafunzi aliruhusiwa kumpinga mwalimu."

Mama Justa alifurahi mpaka akamwongezea nyama mchana, jambo ambalo ni kosa jikoni kwake.

Wakaendelea hivyo kila siku. Juma la pili wakaja samaki, sato beseni zima, na Venant akapewa kisu cha kupara magamba. Alikuwa amefika kwa Aristoteli, mwanafunzi wa Plato.

"Huyu alipasua samaki," alisema. "Aliandika habari za wanyama mamia. Kuna samaki mmoja wa mtoni kwao, jamii ya kambale, aliandika kwamba jike akishataga hujiendea, na dume hubaki akilinda mayai. Watu walikuja kumbishia karne nyingi. Baadaye ikaonekana ni kweli."

"Sasa hapo nampenda," alisema Mama Justa. "Kwani hawa sato? Mama yao hubeba watoto kinywani. Nimeona mwenyewe kwa macho haya. Nilimshika mmoja yungali hai, akatema vitoto kwenye beseni kama mbegu za nyanya. Na kamongo, yule wa matopeni, dume ndiye mlinzi wa kiota. Baba yangu alituambia, yeye alikuwa mvuvi."

"Lakini Aristoteli huyohuyo," Venant alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesengenya, "aliandika kwamba wanawake wana meno machache kuliko wanaume."

Mama Justa akaweka kisu. "Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Na hakumwambia afungue kinywa?" Akafungua chake wazi kabisa. "Hesabu!"

Venant akahesabu, kidole kikinuka samaki, wote wawili wakicheka. Isipokuwa jino moja alilong'olewa Magu, yalitimia yote thelathini na mbili. Kisha Venant akaacha kucheka, akabaki ameduwaa na sato mkononi.

"Pale alipotazama alipatia," alisema. "Pale aliposadiki tu, alikosea. Mtu yuleyule."

Mama Justa akachukua kisu chake tena. Aliona kwamba si kazi yake kujibu.

Siku ya mtihani Venant aliingia kwa Padri Elias saa tatu asubuhi. Mama Justa alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Saa nne mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia Padri Elias mwenyewe, ambaye hakuwahi kukanyaga humo hata siku moja.

"Mama Justa, nina swali. Frateri Venant amenieleza habari za sato na kamongo, anasema kazitoa kwako. Sato kubeba watoto kinywani, umeona?"

"Nimeona, Padre. Hapo kwenye beseni."

"Na kamongo dume kulinda kiota?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na kijana angebaki; baba yake hakuwa mwongo, na nani angekwenda matopeni kuhakikisha? Akamwona Venant akipakia sanduku lake. Akaona ngoma za parokia zikimpokea kwa aibu. Kisha akakumbuka meno.

"Hilo sikuona, Padre," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Niliambiwa na baba. Kama nimemharibia kijana, kosa ni langu, yeye amesoma kwa bidii."

Padri Elias akakaa kwenye kigoda cha maharage, na kanzu yake nyeupe.

"Nilimwuliza Venant swali hilohilo: wewe umejuaje? Akanijibu, 'La sato, Mama Justa ameliona kwa macho. La kamongo, ameambiwa tu. Kwa hiyo la kwanza nalishika, la pili nalingojea.' Nikadhani hilo nalo kalikariri mahali. Nimekuja kuhakikisha." Akatikisa kichwa. "Nimefundisha Wagiriki miaka kumi na tisa, mama, na chakula chako nimekila miaka yote hiyo. Sikuwahi kukuuliza chochote. Nisamehe. Na asante."

"Kwa hiyo amepita?"

"Amepita vizuri."

Padri alipotoka, Mama Justa alifuta uso kwa kanga, akamshukuru Mungu, akamshukuru baba yake, na Thales, na Sokrates pamoja na mama yake Sokrates. Mwisho alimshukuru Aristoteli, kwa ajili ya yale meno.

Venant akaja akikimbia, akasimama mlangoni akihema. Alikuwa na maneno mengi, ilionekana usoni, lakini lilitoka moja tu.

"Asante, mama."

Mama Justa akamtazama kijana huyo aliyefika kwake akibakiza mawe na kutupa maharage. Akamshika mikono yote miwili, kama alivyomwona mama yake akiwashika wanawake waliokwisha kujifungua.

"Asante wewe, baba," alisema. "Asante kwa kutuletea."